Matangi Mawili

Wick, Januari, saa nane za usiku, Jumatatu.
Upepo unagonga mabati ya bandarini kama mgambo anayedai kodi,
na vinu vya kilimani vinazunguka mpaka vinakera.
Mji umelala. Hakuna wa kuunywa umeme huu.

Zamani, ananiambia Donnie Swanson,
usiku kama huu simu ililia kutoka kusini:
simamisheni.
Na wenye vinu walilipwa ili visizunguke.
Anacheka, anakohoa, anamimina chai.
Hebu fikiria, mtu kulipwa ili asilime.

Sasa simu hailii. Nafungua pampu.

Matangi mawili, marefu kuliko nyumba tunayopanga,
kila moja na maji yake ya vanadi, makali, ya kuogopwa.
Kwenye kioo cha bomba la kushoto
kijani inazama, inazama, inakuwa zambarau.
Kulia buluu inapauka hadi njano,
njano ile ya alizeti za mjomba.
Singida nako upepo ulikuwepo.
Ulitupulizia makapi machoni, ukaenda zake,
wala hakuna aliyewahi kuuambia:
keti, tua mzigo wako hapa.

Kati ya maji haya na yale kuna utando,
mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu.
Hayaonani kamwe.
Kinachovuka ni chembe tu, mojamoja;
mengine yote huzungukia kwenye waya.

Mimi na Sungi tunaijua habari hiyo.
Yeye mchana, kwenye nyumba ya wazee. Mimi usiku.
Saa moja asubuhi tunakutana mlangoni:
ananipa funguo, bado zina joto la mfuko wake,
nampa neno moja, la mtoto, au la mkate uliokwisha.
Funguo ni seti moja. Tunasema kila wiki tutachonga nyingine.

Saa kumi, tone.
Halafu jingine, chini ya kiungo cha kulia,
rangi isiyojua bado kama ni buluu au njano.
Maji yakimwagika hayazoleki, mama alizoea kusema.
Donnie hamjui mama.
Anavaa glavu, anapiga magoti, anamwaga magadi,
povu linachemka, linanyamaza,
naye anayazoa kwa koleo la plastiki
huku akiitukana ile nati kwa lugha ya bibi yake.
Tumepoteza nusu kikombe. Naandika daftarini: nusu kikombe.

Alhamisi upepo ulikata.
Ukungu, barafu kwenye nyaya,
vinu vimesimama kilimani
kama watu waliosahau walichokuja kukichukua.
Saa kumi na mbili asubuhi, giza bado totoro,
birika za mji zikaanza kudai, moja baada ya nyingine.
Nikageuza swichi.
Zambarau ikarudi kijani, njano ikarudi buluu,
bila kinyongo, bila kuuliza nani anapokea.

Kitabu cha mitambo kinasema pampu zitakufa,
mipira itachakaa, nati zitaliwa na chumvi ya bahari hii,
Donnie atastaafu (hilo halijaandikwa, kalisema mwenyewe),
lakini maji yatabaki, yatajaa na kutoa, yatajaa na kutoa.
Akiba haiozi.
Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni
nikidhani inahusu mtama.

Ijumaa, mlangoni, Sungi akanisimulia haraka haraka:
jana Bi Gunn, miaka tisini na mmoja, alitetemeka,
akaomba blanketi lake la umeme lipandishwe hadi namba tatu.
Akampandishia. Hakumwambia
kwamba anajifunika upepo wa Jumatatu.

Lilikuwa la rangi gani? nikauliza.
Sikuangalia, akasema, akalikimbilia basi
na funguo mfukoni.

Nikakaa kizingitini, mikono kwapani.
Kwa mbali, kilimani, kinu kimoja
kikajinyoosha, kikasita,
kikaanza.